Wikendi Ambayo Timu Haikucheza

...basi aipige pasi kola tena, hata kama imeshanyooka, maana mkono ukiwa na kazi uso haulazimiki kugeuka, na Everline hakutaka kugeuka, hakutaka kumwona mumewe pale kwenye kochi na jezi yake ya buluu iliyopauka, Lemayian ambaye sasa hivi tu alinyoosha mkono akachukua rimoti akaongeza sauti, na ya nini kuongeza sauti, timu ya Dallas ya mpira wa Kimarekani ilikuwa nyuma kwa pointi ishirini na moja, mechi ya mwisho ya msimu, hapo Arlington kwao wenyewe, hakuna kilichobaki cha kusikiliza, aliongeza ili kuyafunika maneno ya Wanjohi, na Wanjohi maskini, rafiki yao wa kanisani, wala hakujua amesema nini, alikuwa anatafuna karanga na kuhesabu vipigo vya msimu mzima kama mtu anayehesabu misiba ya ukoo, akasema, "Oktoba nzima tuliponea wikendi moja tu, ile ya kongamano la akina mama, na ni vile hatukuwa tunacheza"... hatukuwa tunacheza... wikendi ile ile, Everline aliikumbuka vizuri, yeye ndiye aliyesimamia chai kwenye kongamano, na akina mama walipomuuliza mume yuko wapi aliwajibu kwa kujivunia kidogo kwamba ameenda Houston, timu yake inacheza na wale wa kule, mnawajua wanaume... Aliondoka Alhamisi, akarudi Jumapili jioni, akaketi jikoni macho yamevimba, akasema tumepigwa vibaya, Mama Shalom, sijui kama tutainuka, na yeye akamwonea huruma, Mungu wangu, alimpikia supu ya kuku, alimkanda mabega, akamwambia ni mchezo tu, kuna msimu mwingine, alimfariji mtu kwa mechi ambayo haikuchezwa, na Lemayian akainywa supu ile mpaka tone la mwisho, alijua mkewe hajui mpira, alijua kwamba miaka kumi na mitatu ameketi sebule hii ya Mansfield kila Jumapili kwa ajili ya kuwa karibu naye tu, akaupitia ujinga wake kama mwizi anavyopitia mlango wa nyuma... "Shem, kuna chai imebaki?" ni Wanjohi huyo, akajibiwa iko kwenye chupa, sauti yake mwenyewe ilitoka shwari hata akaishangaa, na pasi ikaendelea kwenda na kurudi juu ya sare yake ya kazi ya kesho... Ni mwanamke, si kingine, Houston ni kubwa, imejaa wanawake wenye nyumba nzuri na vicheko virefu, lakini mwanamke gani humrudisha mtu amevimba macho, na ile plasta kwenye kiwiko, aliiona alipokuwa anavua shati, akaambiwa nimetoa damu, kulikuwa na watu wa kuchangisha damu pale uwanjani, akamsifu, akasema Mungu akubariki... na maswali, wiki nzima ya maswali, yeye ambaye hajawahi kumuuliza mkewe zile mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo kazini kwake zinafanyaje kazi, ghafla anataka kujua, mgonjwa hukaa pale saa ngapi, akitoka anajisikiaje, kwa nini mkono unavimba, na Everline alieleza kwa furaha huku anaosha vyombo, akiwaza kwamba hatimaye mume wangu anaitaka habari ya kazi yangu, mpaka lile swali la mwisho, mtu wa miaka arobaini na miwili anaweza kuingoja figo kwa muda gani, na yeye akajibu kama muuguzi, inategemea, hakujiuliza kwa nini arobaini na miwili, si arobaini, si hamsini... pasi ikasimama. Kanana. Kanana wa Sugar Land, pale pembeni mwa Houston, mdogo wake, arobaini na miwili tangu Agosti... akaiinua pasi haraka kabla haijaunguza kitambaa. Miaka mitatu sasa hajalitaja jina hilo, tangu Kanana alipotangulia nyumbani Meru akamzika mama yao Alhamisi, hakumngoja, karatasi za safari za Everline zilikuwa zimechelewa siku mbili tu, siku mbili, akafika Jumamosi akakuta udongo umeshikana na maua yamekauka juu yake, akampigia simu kutoka pale pale kaburini, akamwambia kuanzia leo sina dada, na Lemayian alikuwa amesimama kando yake, amemshika bega, akasema mimi niko upande wako... upande wake! Kumbe simu ya Sugar Land ilikuwa inalia mfukoni mwa upande wake, shem, nimeugua, shem, usimwambie, na shem akanyamaza, miezi mingapi, wakati yeye kila asubuhi anawafunga wageni kwenye mashine, anawashika mikono, anawauliza wameota nini, mtu aliyelala naye tumbo moja anafungwa na mikono ya watu wengine mwendo wa saa nne kutoka hapa, na mume wake amekwenda kuikunja mikono ya shati ampe figo, figo, bila hata kumuuliza mkewe, na wangemkatalia mlangoni, damu ya Lemayian ni kundi B, haimfai Kanana, kadi yake ya hospitali aliijaza yeye mwenyewe Everline... ni B... walimkatalia. Tumepigwa vibaya, sijui kama tutainuka. Hakuwa anaigiza, basi, yale macho yalikuwa yamelia kweli, barabara nzima pengine, na supu ile ilimfikia mtu aliyeihitaji, lakini hilo halikumpunguzia kitu, lilimwongezea, maana mwongo angemchukia akapumzika, sasa amchukie nani, wote wawili walikaa chini wakampima, dada na mume, wakakubaliana kwamba Everline huyu hawezi kuambiwa, kwamba ataacha mtu afe kwa ajili ya siku mbili za kaburi... na je, wangemwambia Oktoba, angesema nini? Alilitafuta jibu kwa uaminifu, kwenye mshono wa bega, kwenye mfuko, na jibu alilolipata hakulipenda hata kidogo... Uwanjani watu walianza kuondoka, mtangazaji akawa anasema msimu wa aibu, Wanjohi akaguna, na Lemayian, aliyekuwa amegeuza shingo kumtazama, akauliza polepole, "Mama Shalom, uko sawa?" na yeye akaiweka pasi wima, akaikunja sare, akajua kwamba atakwenda Sugar Land, atakwenda wiki hii, na kwamba atakwenda akiwa hajamsamehe hata mmoja wao, wala nafsi yake, na kwamba hilo halizuii kitu.

"Kanana ni O," alisema bila kugeuka, kwa ile sauti anayotumia kumwambia daktari jambo ambalo daktari alipaswa kulijua tangu asubuhi. "Mimi pia ni O, Lemayian. Ungeniuliza."