Herufi Mia Mbili na Hamsini

Mimi ndiye niliyefuta sauti ya marehemu mke wa Mzee Mhina, na niliifuta kwa kufuata taratibu zote. Nilitoa tangazo, nikasubiri wiki mbili, nikaandika tarehe na saa kwenye daftari la kazi. Ukitaka kunilaumu kwa uzembe utahangaika kupata pa kushika. Nimehangaika mwenyewe.

Kazi yangu ni blogu za chuo. Makao makuu yako mbali, sisi ni tawi tu hapa Korogwe, ila kila mhadhiri na kila mwanafunzi anayetaka anapewa blogu yake, na zote zinakaa chini ya paa moja. Ziko mia tatu themanini na kitu. Mimi ndiye ninayeamua zivae nini na zifanye nini. Mavazi yake tunayaita mandhari: rangi, aina ya maandishi, picha ya juu. Vinavyoziongezea uwezo tunaviita plagini: moja inaweka kalenda, nyingine inahesabu wasomaji, nyingine inaangusha theluji kwenye ukurasa. Theluji, Korogwe! Nilipoiondoa hiyo, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia kwa uchungu utadhani nimemfukuza chuo.

Ukisikia hivyo utafikiri naishi na watu wengi. Naishi na malalamiko yao. Ofisi yangu iko mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu, na anayefika mlangoni kwangu huwa amepotea njia. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, akabaki. Baba na mama nimewazika Magoma. Kaka yangu yuko Mwanza, na simu zake ni za Krismasi. Wiki nzima inaweza kupita sijatamka sentensi ndefu kuliko ile ya kuagiza chai na chapati mbili.

Mtu akipata shida na blogu yake anajaza fomu ya msaada, nami naisoma. Mwaka juzi mhadhiri mmoja, Deogratius, alinijazia kurasa tatu kuhusu rangi: kwamba aliomba damu ya mzee nikampa zambarau, na kwamba hilo ni dharau kwa idara yake yote. Nilichoka. Nikaingia kwenye mipangilio ya fomu nikaweka kikomo, herufi mia mbili na hamsini, basi. Ukizidisha, kinachozidi kinakatwa. Nilikusudia kuweka na onyo jekundu la kumwambia mtu kuwa maneno yake hayajafika yote. Nikasema nitaliweka kesho. Unazijua kesho hizo.

Mwezi wa tano mwaka huu likaja agizo kutoka juu. Plagini zote ambazo watengenezaji wake wamezitelekeza ziondolewe, maana ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Mojawapo ilikuwa ya kunasa sauti. Mtu alikuwa akibonyeza kitufe, anaongea, sauti yake inabaki humo humo ndani ya blogu. Ilikuwa imewashwa kwa blogu zote kwa pamoja, kwa hiyo orodha yangu haikunionyesha nani anaitumia kweli na nani hata hajui kama anayo. Njia ya kujua ilikuwa kuzifungua moja moja. Kazi ya siku mbili, tatu nikiwa mvivu.

Sikuzifungua. Nilituma tangazo kwa wote, lenye jina langu, Yusta: plagini ya sauti itaondolewa pamoja na kila kilichorekodiwa ndani yake; anayeitumia ajaze fomu ndani ya siku kumi na nne.

Katika siku hizo kumi na nne nilipata ujumbe kutoka kwa mtu mmoja tu. Mzee Mhina alifundisha Kiswahili tawini kwetu kabla sijaajiriwa, kisha akastaafu, akarudi kwao Misima, wilaya ya Handeni, na chuo kikamwachia blogu yake. Sikuwahi kumwona. Ujumbe wake wa kwanza ninao mpaka leo:

"Mwanangu Yusta, salamu nyingi zikufikie hapo Korogwe. Sisi huku Misima hatujambo, mvua imetupa kisogo ila mahindi ya bondeni yanajikongoja. U mzima? Habari za kazi? Wazazi hawajambo? Mbuzi wetu amezaa mapacha, wote majike. Baada ya salamu hizi, dhumu"

Ukaishia hapo. Nikasema moyoni, wazee na simu, kidole kimemteleza. Sikufikiria zaidi, na nitakwambia kwa nini. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Kulikuwa na mtu aliyeniuliza kama ni mzima kabla ya kuniambia kingine chochote.

Nilimjibu siku hiyo hiyo. "Shikamoo mzee. Ujumbe wako nimeupata na nimefurahi mno. Mimi mzima, kazi inaendelea, wazazi hawajambo. Hongera kwa mapacha. Usiache kuniandikia."

Kuhusu wazazi nilidanganya. Nilitaka aendelee kuwaulizia.

Akaendelea. Aliandika mara nne kwa jumla, na kadiri tulivyozoeana ndivyo salamu zilivyorefuka. Mara ya pili aliulizia afya, usingizi, joto la Korogwe, na kama nimeolewa, na kama bado, basi nisiharakishe. Mara ya tatu wale mapacha walikuwa na majina. Mara ya nne salamu zilijaza fomu yote, hata lile neno "baada" halikupata pa kukaa. Kila mara nilijibu kwamba nimeupata ujumbe wake, na nilikuwa nausoma asubuhi kabla ya kugusa kazi nyingine. Sioni haya kusema nilikuwa namsubiri.

Siku ya kumi na tano nikaandika kwenye daftari kwamba hakuna aliyejitokeza, nikaiondoa plagini.

Siku kumi na moja baadaye simu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, akajitambulisha kuwa anaitwa Hajira, binti wa Mzee Mhina, na namba yangu amepewa na ofisi ya chuo.

"Dada, baba anauliza mbona sauti za mama hazifunguki."

"Sauti gani?"

"Si zile alizokuandikia habari zake? Mimi ndiye niliyekuwa natuma ujumbe wake kwa simu yangu. Yeye anaandika kwanza kwenye daftari, halafu ananipa nichape. Ninalo hapa, subiri."

Akanisomea ule ujumbe wa kwanza wote. Nilizitambua salamu, nikawatambua mbuzi. Kisha akapita pale ambapo mimi sikuwahi kufika: "Baada ya salamu hizi, dhumuni la kukuandikia ni kukuomba usiiondoe plagini ya sauti. Mke wangu Fatu alifariki mwaka juzi. Ndani ya blogu nina sauti zake arobaini na tatu, na hazipo mahali pengine popote. Kama ni lazima kuiondoa, nielekeze jinsi ya kuzihamisha, hata kwa kuja mwenyewe huko chuoni."

"Na zile jumbe nyingine tatu?" nikamuuliza.

"Ni hivyo hivyo. Anakusalimu, anakuomba. Wewe ulikuwa unamjibu umepata, akatulia."

Mzee alikuwa ameandika barua kama anavyojua barua inavyoandikwa, salamu kwanza, haja baadaye. Mimi nilikuwa nimeweka mkasi katikati.

Nilimpigia Isaka, anayetunza mitambo makao makuu. Isaka si mtu mbaya, ila huongea kama anasoma maelekezo ya dawa. Aliniambia nakala za akiba zinakaa siku saba, baada ya hapo zinaandikwa upya. Nikamwambia ni sauti za marehemu. Akasema, "Pole sana, Yusta. Zingekuwa hazijapita siku saba ningekusaidia." Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia, au alisema ameangalia. Hapakuwa na kitu.

Ningeweza kumwandikia mzee. Kwa siku mbili nilijaribu, nikaandika na kufuta. Siku ya tatu, Jumamosi, nilipanda gari la Handeni, nikashuka Misima, bodaboda akanifikisha uani kwa Mzee Mhina.

Ni mtu mfupi, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Hajira alipomwambia mimi ni nani, alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Karibu Misima. Umekuja salama? Habari za Korogwe? Wazazi umewaacha wazima?"

Safari hii nilisema kweli. "Wazazi wangu walishafariki, mzee."

Alinitazama kidogo, akanipa pole, akaagiza chai. Nilishindwa kuingojea. Nilimwambia yote: kikomo cha fomu, salamu zilivyofika na haja isifike, siku saba za Isaka. Akauliza ni nani aliyeweka hicho kikomo. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kama hakuna namna yoyote. Nikamwambia hakuna.

Nilitegemea anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, na nadhani lingenisaidia.

"Kuna moja, ya kumi na tisa," akasema. "Ananicheka kwa sababu nilipanda kabla ya mvua, mbegu zote zikaliwa na kuku. Anacheka weee, halafu anatulia, anasema neno moja la kunifariji. Hilo neno nimelisahau. Nilikuwa nalisikia kila siku, sikuona sababu ya kulishika kichwani." Akanisogelea. "Wewe utakuwa unalikumbuka. Alisema nini pale mwishoni?"

Uongo ulikuja mdomoni wenyewe. Ningetunga kitu kizuri, angekipokea, tungekunywa chai. Niliona jinsi anavyonitazama, anavyongoja, nikashindwa.

"Sijui, mzee."

"Ya kumi na tisa. Kicheko kinaanza mwanzoni kabisa."

"Sikuwahi kusikiliza hata moja. Blogu yako sijawahi kuifungua."

Aliniachia mkono. Mpaka hapo sikuwa nimetambua kwamba bado alikuwa ameushika.

"Ulikuwa unanijibu vizuri sana," akasema. "Nikamwambia Hajira, yule binti wa Korogwe anamsikiliza mama yako. Haiwezekani mtu awe mwema hivi bure. Nikajua tuko wawili."

Ninasimamia blogu mia tatu themanini na kitu, na katika miaka yote hiyo sijakaa nikasoma hata moja mpaka mwisho. Nilikuwa nalalamika kwamba hakuna anayebisha hodi kwangu, kumbe mlango wa kila mtu ulikuwa mikononi mwangu. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona upweke mkubwa kuliko ule niliotoka nao Korogwe, kwa sababu sasa nilijua nimempa na mwenzangu.

Chai ikaletwa. Mzee Mhina hakuigusa. Aliivua kofia yake, akaiweka gotini, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mgeni huyu ni nani. Kisha akamwomba Hajira aniitie bodaboda.