Kiingereza Kilichopitia kwa Mama Mkwe

Jina la baba mkwe wangu hamtalisikia hapa. Kwetu Katumba, sisi tuliotoka Burundi, mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, na hambishii usoni hata akisema mvua inanyesha na huku jua linachoma vichwa. Mimi Joséline nina mdomo, nyie wote mnajua. Ila kwa yule mzee nilikuwa nameza tu.

Sasa mwaka tisini na nne ukaja mradi wa miti. Tulikuwa tumemaliza misitu kwa kukaushia tumbaku, Wazungu wakaona bora watupandishe mingine. Mama mmoja wa Kizungu, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akatangaza anatafuta msimamizi wa kitalu. Alitaka mtu wa kumwambia kwa Kiingereza jana ilifanyika kazi gani, leo inafanyika ipi na kesho itafanyika ipi. Mzee aliitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na zahanati walishamwambia kwamba msimu mwingine mle ndani utammaliza. Kuotesha miti hakuna moshi.

Nyumba nzima mwenye Kiingereza ni mimi niliyemaliza kidato cha nne. Mume wangu Jean-Marie alikuwa Ikola anafuata dagaa, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Sasa mimi nitamkosoaje baba mkwe? Mama mkwe ndiye aliyepata njia. Yeye atakaa katikati yetu, tutajifanya namfundisha yeye, na mzee atasikiliza pembeni na kujibu akipenda. Mzee akikosea, nitamkosoa mama. Tuliona tumekuwa na akili sana.

Basi kila alasiri tukitoka shamba tunakaa barazani. Nikawaeleza kwamba sisi wakati tunauweka mbele ya kitendo: nilipanda, ninapanda, nitapanda. Mwingereza yeye jana yake anaifunga mkiani, plant inakuwa planted, na vitendo vingine anavigeuza kabisa. Go ikishapita inaitwa went, na msiniulize kwa nini, mimi niliuliza shuleni nikachapwa. Kazi ya sasa hivi, mikono ikiwa bado na udongo, ni I am planting. Kazi ya kila siku ni plant tupu, every day I plant. Ya kesho unatanguliza will, umemaliza.

Mzee aliipenda hiyo will. Alikuwa anaitoa kuanzia chai ya asubuhi, I will eat, I will sit, na kukaa anakaa kweli. Jana ndiyo iliyomshinda. Akishatamka yesterday kwa sauti kubwa, anaona mambo ya wakati yamekwisha. "Yesterday I am plant," anasema, kifua mbele. Mimi namgeukia mama mkwe namwambia, mama, umekosea hapo, sema yesterday I planted. Mama, ambaye hata hajafungua mdomo, anarudia kwa upole. Na mzee anacheka mpaka anakohoa. Alimhurumia mkewe kwa moyo wote. Akawa anawaambia wenzake kanisani kwamba Kiingereza chenyewe si kigumu, ila mama watoto kichwa chake kizito, kila siku anakosolewa lile lile.

Jamani, tulicheka jikoni mimi na mama mpaka tukaegemea ukuta. Mara mbili tatu ilinijia kwamba huyu mzee hajui kama anakosea. Nikajiambia atajua tu, masikio anayo. Tulikwenda hivyo wiki sita.

Mwezi wa nane kila mwombaji akapewa siku moja ya kupanda mbegu kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, halafu kesho yake aje aeleze alichofanya. Viriba vya mzee vilinyooka kuliko vya wote, na alivimwagilia vizuri. Asubuhi tukamsindikiza, mama amembebea chupa ya maji ya moto kwa ajili ya kikohozi.

Mama wa Kizungu akamuuliza jana alifanya nini. "Yesterday I am plant," mzee akajibu kwa sauti ya kuhubiri. Yule mama akatazama viriba, akauliza kama amemaliza au bado. Mzee akasema I am finish, I am water. Akaulizwa tena, polepole, na yeye akaongeza sauti. Nikaona yule mama ameanza kutafuta jina la mtu mwingine kwenye karatasi yake.

Hapo mama mkwe akasema. Nadhani hata hakukusudia, ni yale mazoea ya wiki sita: mzee akikosea, yeye anarudia. "Yesterday he planted and he watered. Today he is waiting. Tomorrow he will plant again."

Yule mama akaweka karatasi chini. Akamuuliza mama mkwe maswali mengine matano, na yote yakajibiwa. Kazi akapewa yeye pale pale. Mzee akaambiwa mwezi wa kumi na moja, miche ikianza kutolewa, atahitajika mtu wa pili, arudi akiwa anaweza kueleza.

Njia nzima ya kurudi nilimwona mzee anakumbuka alasiri moja baada ya nyingine, na kila mahali nilipomkosoa mkewe. Niliona aibu. Heshima yangu ndiyo iliyomkosesha kazi, pamoja na vicheko vyangu vya jikoni.

Siku tatu mama alikwenda kitaluni, na mzee akabaki anakandika bani udongo, tayari kwa msimu. Kikohozi chake nilikisikia nikiwa kisimani. Siku ya nne, alasiri, akaja na kigoda chake barazani akakiweka mbele yangu. Mama alikuwa hajarudi kutoka kazini, katikati yetu hapakuwa na mtu.

"Yesterday I am repair the bani," akasema, akanitazama usoni.

Nikatazama chini. Malezi yote ya mama yangu mzazi yalinikaa kwenye ulimi.

"Nimekosea?" akauliza. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Mwanangu, hiyo heshima yako itaniua."

Nilikuwa nalia wakati namjibu. "Umekosea, Baba."

Akavuta kigoda karibu zaidi, akaniambia niseme polepole, yeye atarudia.