Pua ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Yasmini, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Jina lilitokana na kichaka cha yasmini kilichotanda ukuta wa nyuma ya nyumba, na mafuta ya kunukia aliyoyatengeneza kwa maua yake. Kila bibi harusi wa ukoo wa mumewe alipakwa mafuta hayo. Safari hii zamu ilikuwa ya wifi yake, mwalimu wa hesabu aliyepata mchumba mvi zikiwa zimeshaanza kuchungulia, na ambaye mdomo wake hauna breki.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachuma maua asubuhi umande ukishakauka, unayalaza kwenye chupa ya mdomo mpana yenye mafuta ya nazi, unafunika. Maua yakichoka unachuja kwa kitambaa chepesi, unatia mapya. Utajuaje yamechoka? Kwa pua tu. Hapo ndipo alipokwama Mama Yasmini, kwa maana mafua makali ya mwezi uliopita yaliondoka na pua yake. Vitunguu, sabuni, moshi, vyote vilikuwa hewa tupu. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba mikono imezoea, itajiendesha yenyewe. Lakini aliogopa, tena sana: mtengeneza manukato asiyenusa atakuwa nani katika ukoo ule?

Wifi akaja kuyajaribu. Akakaa kwenye stuli ya jikoni, akainua kidevu. Mama Yasmini akampaka shingoni na nyuma ya masikio.

"Haya, sema. Leo nimejiandaa kusemwa."

Wifi akatazama pembeni. "Mazuri, wifi yangu. Mazuri sana."

Mama Yasmini akaiweka chupa mezani polepole. Mwanamke huyu aliwahi kumwambia mbele ya wageni kwamba keki yake ingefaa kujengea ukuta. Alishakosoa mapazia yake, chai yake, hata namna anavyocheka. Tangu wawe mawifi hajawahi kusifia kitu. Leo anasifia, tena anatazama pembeni.

"Yameoza," alisema Mama Yasmini.

"Nani kasema?"

"Wewe. Yangekuwa mazuri ungeyatafutia kasoro."

Wifi akavuta kitambaa, akaanza kujisugua shingo kwa nguvu. "Yameoza, wifi. Yananuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mezani. Nikaona umejitahidi, nitakuvunjaje moyo?"

"Sisikii harufu yoyote. Tangu yale mafua." Akaangua kilio hapohapo, mikono yake ikiwa bado na mafuta.

"Na ukanyamaza! Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeona uniumbue mimi mbele ya mume wangu!" Alifoka hivyo huku amemkumbatia, na kumwachia hakumwachia.

Wakaanza upya, chupa safi, mafuta mapya. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni wifi alipitia jikoni, akafungua chupa na kunusa. "Toa haya, yamekufa." Au, "Bado, pupa ya nini?" Mama Yasmini alichuma, akachuja, akasemwa kama kawaida, na alifurahi kusemwa.

Siku ya kuchuja mara ya mwisho alimshika wifi mkono. "Niambie kweli. Usinionee huruma."

"Huruma nitaitoa wapi mimi?" Wifi akainamia chupa, akafumba macho. Aliposema, sauti ilikuwa chini. "Siku kaka alipokuleta nyumbani nilikuwa nimeapa sitakusemesha. Unaninyang'anya kaka yangu, halafu nikuchekee? Nikajikuta nimekaa ubavuni kwako mpaka jioni, kwa sababu ya ulivyonukia. Ndiyo harufu hii."

Mama Yasmini akaisogeza chupa puani, akavuta pumzi ndefu. Hakupata kitu. Akamwamini wifi yake, akafunga kifuniko.