Cherehani Kwenye Fundo

Binti aliketi kizingitini mwa jikoni akifanya zoezi la chuo: tafuta mlinganyo wa bapa, yaani uso tambarare, lenye mistari miwili inayokatana. Kwa mistari alitumia kamba za nguo, moja ya mama yake, nyingine ya baba mdogo. Zote zilivuka ua zikipanda kidogo, kwa kuwa nyumba ya baba mdogo iko mwinukoni. Zilipokutana katikati, marehemu baba alikuwa amezifunga fundo moja zisilegee.

Fundo akaliita sifuri. Akachukua mwelekeo wa kila kamba, akatafuta mwelekeo wa tatu uliosimama wima kwa zote mbili, akaandika: x + y = 4z.

Bapa likatokea, angavu kama kioo kilichopanguswa. Lilipita kwenye mashuka bila kuyachana, na kwa kuwa bapa halina mwisho, likaingia dirishani kwa baba mdogo.

"Angalia kichwa," mama alisema, akainama kupita na ndoo.

Mara cherehani ya mama ikateremka taratibu kutoka stoo ya baba mdogo, ikasimama kwenye fundo. Ilikuwa imepotea siku ya mazishi ya baba. Tangu hapo mama alishona kwa mkono, na wateja walikuwa wakipungua.

Baba mdogo akatoka, taulo begani.

"Shemeji, si ulisema wezi?" mama aliuliza.

"Wezi ndio. Naitunza wasirudi."

Akaibeba, akarudi nayo ndani.

Kesho yake ikateremka tena.

"Wewe msomi, futa hicho kitu chako!"

"Hakifutiki, baba mdogo. Mwalimu ameshaweka alama ya vema."

Kamba nazo hazikukatwa. Mke wa baba mdogo alikuwa na nguo za kuanika.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Waliweka vikombe vya chai juu ya bapa, vikateleza hadi kwa mama, wakavifuata, wakasema mambo ya ndugu huzungumzwa polepole. Kisha wakaaga.

Sasa cherehani huteremka kila alasiri, na baba mdogo huja kuichukua akishaoga. Katikati ya hapo mama hushona, amesimama. Leo, aliposikia maji yamefungwa bafuni, alikata uzi kwa meno. Gauni lina mkono mmoja. Mteja ameambiwa wa pili ni kesho, shemeji akichelewa kuoga.