Mota Zilizonyamaza

Dafroza hakuwa mkono wa birika, watu wa Nyaishozi wasije wakamzushia. Ila yuniti za umeme zilimuuma. Chochote alichokikuta kimewaka bila kufanya kazi alikizima, iwe redio, iwe taa, iwe hata friji ya jirani. Ndivyo alivyofanya mchana huu katika ile stoo ya kahawa ambayo binti yake Joanitha alikuwa ameigeuza karakana, na sasa roho ilikuwa juu juu.

Mezani ulilala ubao wa mvule. Shemeji yake, Yusto, alikuwa ameutunza kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe, kisha akautoa uwe msalaba wa kaburi la kaka yake, marehemu Egbert, mume wa Dafroza. Mchungaji angeubariki kesho baada ya ibada. Ubao wa pili haukuwepo, si kwa Yusto wala kokote walikouliza.

Mashine ya kuchonga herufi Joanitha aliiunda mwenyewe: mota tatu, kila moja na kisanduku chake cha kuiendesha, na waya kutoka visandukuni hadi kwenye kompyuta. Wiki nzima ilimtoa jasho. Kwenye mbao za majaribio keekee nene ilichimba herufi vizuri, lakini alipofunga nyembamba ya kusafisha kingo, mistari iliangukia pembeni. Alifungua waya zote, akazifunga upya, akalia, akazifungua tena. Jana tu, Dafroza akiwa msibani Bweranyange, jaribio lilitoka safi.

Leo keekee nene ilikuwa imeshachimba jina. Joanitha akaenda dukani kwa Seif kufuata nyembamba nyingine, ya jana ilikuwa butu. Mota zilikuwa kimya. Dafroza akazima swichi ya visanduku, akausukuma kando mkono wa mashine ili afute vumbi la mbao, akaurudisha palepale kwa kukadiria na jicho. Aliposikia binti yake anarudi, akawasha haraka asije akaulizwa. Kompyuta ina betri yake, wala haikushtuka.

Yusto naye alikuja kushuhudia. "Sasa hii inajuaje pa kuanzia? Ina macho?"

"Haina, baba mdogo. Inahesabu tu mizunguko inayoamuru," Joanitha alisema akikaza keekee. "Mota hata zikinyamaza zinakuwa zimeng'ang'ania pale pale. Mtu akizima umeme wake akazisogeza, kompyuta haitajua. Itaendelea kuamini mkono uko ulipokuwa."

Dafroza akautazama mkono wa mashine. Aseme? Mbele ya shemeji, aonekane mshamba aliyeharibu kazi? Huenda aliurudisha sawasawa. Huenda.

Joanitha akabonyeza. Keekee ikaanza kulia, mkono ukatambaa, ukaanza kushuka kwenye herufi ya kwanza. Haukulenga ndani yake. Ulilenga kando, kwenye mvule mzima.

"Zima! Mawe, mama yangu, zima!" Dafroza alipiga ukelele.

Joanitha akapiga kitufe chekundu. Ncha ilisimama ikiwa karibu kabisa na ubao, haijaugusa.

"Ubao umepona," Yusto alisema, akapumua. Kisha akageuka. "Shemeji, umejuaje?"

"Nilizizima mimi." Dafroza akanyoosha kidole kwenye swichi. "Nilidhani zimepumzika. Nikausogeza mkono, nikafuta vumbi."

Joanitha alikaa juu ya ndoo, akamtazama mama yake.

"Leo tu?"

Angeweza kusema ndiyo. Yusto alikuwa anasikiliza, na aibu ya leo peke yake ilimtosha.

"Kila siku, mwanangu. Kila ulipotoka kidogo."

Joanitha akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika. Dafroza hakuelewa kama analia au anacheka.

"Nilidhani kazi siijui, mama. Nilishakata tamaa. Jumatatu anakuja mtu kuinunua mashine."

Dafroza akaichukua simu ya binti yake pale mezani, akamwekea mkononi.

"Mpigie asije," alisema. "Mpigie sasa hivi."