Chupa za Kichwa Chini

Chupa iliyokingiwa gesi ya ziwani haisimamishwi kama chupa ya bia. Hupinduliwa, kizibo chini, ili maji yazibe mlango na gesi ibaki imefungiwa juu, isipate pa kutokea. Nimelieleza jambo hili kwa askari wa vizuizi vyote kati ya Kasenyi, kule ziwani, na Bunia, na kila mmoja alinitazama kwa ile huruma wanayopewa watu waliosoma wakapitiliza. Lambert, aliyenibeba kwa pikipiki yake, alikuwa mbaya kuliko wote. Tulipomaliza kupanda mlima wa Bogoro alisimama apumzishe injini, nami nilipogeuka nikamkuta anazisimamisha chupa zangu ndani ya kreti, moja baada ya nyingine.

"Madame, chupa zako zote zimeanguka na kichwa."

"Hazikuanguka! Njo vile zinakaa. Ukigusa tena, nitatembea na miguu mpaka Bunia, kreti kwenye kichwa!"

Alicheka njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimekumbatia kreti kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Naitwa Faida, binti wa Hubert na Scholastique, na kazi yangu ni kuchunguza gesi inayovuja chini ya maji. Najua, si kazi ya kumweleza mtu sokoni akaelewa. Niliianzia mbali, baharini, upande wa Moanda, ndani ya meli ya utafiti iliyokuwa inavuta matope kutoka sakafu ya bahari. Huko chini, penye baridi na uzito mkubwa wa maji, gesi ya methane huganda pamoja na maji na kuwa barafu nyeupe. Siku ya kwanza kuishika, ilitatarika mkononi mwangu kama mafuta ya kukaangia, ikiyeyuka na kuachia gesi yake. Mwenzangu Rodrigue akawasha kiberiti, barafu ikawaka moto. Watu wote mezani wakapiga makofi. Mimi nilikwenda kulia chooni. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu, na melini humo hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Baba alikuwa nahodha wa mtumbwi wa injini huko Tchomia, kwenye ziwa ambalo ramani huliita Albert na sisi tuliliita ziwa, basi. Alivusha wafanyabiashara kwenda Uganda na kuwarudisha. Mbele kidogo ya pwani yetu palikuwa na mahali ambapo maji yalichemka bila moto, viputo vikipanda kutoka chini mchana kutwa. Kila nahodha alizima injini hapo akapita kwa kasia. Wengine walisema ni kwa sababu injini hukosa nguvu ndani ya viputo, na hilo ni kweli, nimelisoma baadaye. Baba alisema ni adabu tu.

"Mutu akiwa anapumua, haumupigie makelele kwenye pua," aliniambia.

Nilikaa mbele ya mtumbwi, miguu imening'inia majini, viputo vikinitekenya nyayo. Abiria walinyamaza. Wauza nguo, wauza vitunguu, hata wale mama wa samaki ambao midomo yao haikujua Jumapili, wote kimya. Kisha baba alivuta kamba ya injini na kelele zikaanza upya pale zilipoachwa. Nimepanda ndege na meli tangu wakati huo, nimekula mezani na maprofesa, lakini furaha ile sijaipata tena, na si kwamba sijaitafuta.

Ziwa lilimchukua baba siku ya dhoruba, yeye na mtumbwi wake. Mwili haukupatikana. Kabla hatujamaliza kulia vita vikafika, nyumba ikaungua, tukakimbia na nguo tulizovaa. Tangu hapo mama yuko Bunia, kwenye nyumba ya mdogo wake Clarisse, katika mtaa wa Mudzi Pela. Na tangu hapo sikuwahi kuona nywele za mama. Alifunga kitambaa kichwani asubuhi hadi usiku. Kule Tchomia alikuwa mwanamke wa kusukwa kila Jumamosi, mitindo ya kila aina, na baba alikuwa akimtania kwamba siku moja atarudi nyumbani adhani ameoa mtu mwingine. Niliona kitambaa nikafikiri ni uzee. Watoto hatuna haraka ya kuuliza mambo ya wazazi.

Sasa, ziwa letu halina barafu ile ya baharini. Lina joto na kina chake ni kifupi, kwa hiyo gesi hupanda moja kwa moja bila kuganda. Lakini swali ni lile lile: inatoka wapi? Ni matope ya juu tu yanayooza, au inatoka kwenye miamba ya chini kabisa? Maabara ikipima kaboni iliyomo ndani ya gesi, jibu linapatikana. Watu wa mafuta wana sababu zao za kulitaka jibu hilo. Mimi nilitaka kujua baba alikuwa anazima injini kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo barabara ya ziwani ilipotulia kidogo, nikafunga safari. Mama alinisindikiza hadi mlangoni.

"Utaleta maji ya kule?" aliniuliza.

"Nitaleta, mama. Kreti muzima."

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa na kurudi ndani haraka. Nilidhani ana sufuria motoni.

Mahali penyewe nilipapata. Viputo vipo. Nilikinga gesi kwa faneli iliyopinduliwa ndani ya maji, chupa baada ya chupa, kila moja nusu gesi na nusu maji ya ziwa, nikatia chumvi nyingi ili kuua vijidudu vinavyokula gesi. Wengine hutia sumu badala ya chumvi. Leo hii namshukuru Mungu kwamba sikuwa nayo. Siku niliyorudi Bunia ndiyo siku barabara ilifungwa tena nyuma yangu. Watu wakaanza kusema kuna risasi kule chini, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Maana yake ni kwamba zile chupa zilikuwa ndizo, hazina ndugu. Rodrigue, aliyekuwa amekuja Bunia kwa kazi hiyo hiyo, alikuwa anasafiri kesho yake kuzipeleka maabara. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya kreti moja la plastiki kwenye kona ya sebule, limefunikwa kitenge.

Asubuhi ya siku hiyo ya safari nilikwenda mjini kutafuta sanduku gumu la kuzisafirishia. Nikampa Lambert miadi: saa nane aje kuchukua mzigo aupeleke kwa Rodrigue kiwanja cha ndege. Nikarudi mchana, sanduku begani, nikiwa na furaha zangu.

Uani, mama amekaa kwenye mkeka, kichwa wazi. Jirani yetu Ketsia yuko nyuma yake na kitana, anamsuka. Nywele za mama zilikuwa zimekuwa nyeupe kabisa na mimi sikujua. Pembeni yao beseni tupu na udongo uliolowa. Na juu ya ukuta mfupi wa jiko, chupa zangu zimesimama wima, wazi, zimesuguliwa kwa sabuni, zinakauka juani.

Sanduku likaniponyoka.

"Nani?" Nilisema. "Nani ameshika chupa zangu?"

Mama mdogo Clarisse akatoka jikoni akipangusa mikono. "Ni mimi nilizisafisha. Ni chupa muzuri, zitabeba mafuta ya mawese. Lakini Faida, ziwa yetu imeanza kuwa bahari? Ile maji iko na chumvi mpaka kwenye macho!"

"Mama mudogo, munajua mumefanya nini? Munajua? Ile haikuwa maji! Ilikuwa gesi!"

"Gesi gani? Zilikuwa nusu tupu."

"Ile nusu tupu njo kazi yangu!"

Nilipiga kelele, nisidanganye. Nilipiga kelele hadi kuku wakahama. Nikasema mambo ya maabara na ya barabara iliyofungwa, nikasema wamenimaliza, nikasema ndiyo maana mtu akisoma haendelei kwao. Ketsia aliacha kitana kimekwama kwenye nywele za mama. Mama peke yake ndiye hakushtuka. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue avuke barabara.

"Umemaliza?" akasema. "Ikala."

Nikakaa.

"Papa yako alibaki kwenye maji. Unajua desturi ya kwetu? Bwana akibaki kwenye ziwa, mujane ananawa maji ya ile ziwa. Kama hajanawa, kilio haijaisha. Hasuke kichwa. Hacheze ngoma. Siye tulikimbia, sijanawa bado."

"Mama, miaka hii yote? Juu ya nini haukuniambia?"

"Ile maji, mujane hawezi kuiomba. Mutoto wa marehemu njo anaileta, na hakuna mutu wa kumuambia ni ya nini. Ukimuambia, ni kama umejiletea mwenyewe." Akatabasamu kidogo. "Njo maana nilikuuliza tu kama utaleta. Weye ukajibu, kreti muzima. Nikasema, mutoto wangu amekumbuka. Leo nimenawa."

Hasira haikuondoka mara moja, hasira haina adabu hiyo. Ilibaki kifuani pamoja na aibu, zikisukumana. Nilitazama kile kichwa cheupe, nusu kimesukwa, nusu kimesimama, nikamwona mama wa Jumamosi za Tchomia, nikamhurumia. Alikuwa amelia miaka yote hiyo mbele yangu, nami nikaita uzee.

Ndipo akainuka, kitana kikining'inia, akaingia ndani. Akarudi ameshika kitu kwa mikono miwili. Ilikuwa chupa. Imefungwa bado, na ameibeba kichwa chini, hivyo hivyo nilivyoiweka.

"Hii sikuigusa," akasema.

Niliruka kwa furaha, naona haya kusema. Moja inatosha! Kwa chupa moja maabara ingetoa jibu la kwanza, na kwa jibu la kwanza watu wangenisikiliza, na kazi ingeendelea. Nilianza kufungua sanduku, nikimwambia mama aksanti, aksanti, Rodrigue atafurahi.

"Haiko ya Rodrigue," mama akasema. "Iko yako. Mutoto pia ananawa. Ulikuwa naye kwenye ile mutumbwi kunipita mimi."

Nikaacha sanduku, nikakaa tena chini.

Nje, honi ya Lambert. Saa nane. Akapiga tena, akaita, "Madame Faida! Nimekuja kubeba zile chupa zako za kichwa chini!"

Mama aliweka chupa mapajani mwangu. "Kama unataka kuituma, tuma. Sitakasirika. Kazi ni kazi."

Na hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alimaanisha. Angesema neno moja la kunishurutisha ningepata pa kukimbilia. Nilikaa na ile chupa. Mwanga ulipita kwenye nusu yake ya gesi, mle ambamo macho hayaoni kitu. Nilijua thamani ya kile nilichoshika kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale uani. Nilijua pia kwamba tangu siku ya dhoruba sikuwahi kusema kwa mdomo wangu kwamba baba amekufa. Nilisema ziwa lilimchukua. Nilisema hakurudi. Nikaenda kusoma vitu vinavyopanda kutoka chini ya maji, na hakuna aliyeniuliza ninangoja nini kipande.

"Mama mudogo," nikasema, "muambie Lambert aende."

Clarisse alikwenda mlangoni. Ketsia akaleta maji ya kisima ndani ya beseni. Nilizamisha shingo ya chupa humo na kufungua kizibo kwa kisu cha jikoni, kisha nikailaza. Gesi ikatoka kwa viputo vikubwa, ikapasuka juu ya maji na kwenda zake, bila harufu, bila rangi. Haikuchukua muda. Maji ya ziwa yakachanganyika na ya kisima, nikaingiza mikono.

"Nasema nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Umuambie fasi tuko, nyumba gani," mama akasema. "Asiende kututafuta kule. Mimi nilimuambia, lakini unajua papa yako, anasikilizaka weye."

Nikanawa uso. Chumvi ikaingia machoni.

"Papa," nikasema, "ni Faida. Usipite kwenye nyumba ya Tchomia, iliungua. Siye tuko Bunia. Unafika Mudzi Pela, unauliza kwa mama Clarisse, nyuma ya kanisa. Mulango ni ya buluu. Mama iko, anasuka kichwa."