Nusu ya Ukuta

Wapiga picha hawakujisumbua na majina yao. Mapacha wale walifanana kama shilingi kwa ya pili, basi aliyetangulia kuzaliwa wakamwita Mkubwa, aliyemfuata Mdogo, kwisha. Tangu tangazo la nepi hadi la miwani, Mkubwa alisimama kulia, Mdogo kushoto, bega kwa bega. Ukiwabadilishia upande, walianza kukanyagana.

Sasa Mkubwa hayupo. Homa ya siku chache ilimchukua, watu wakazika, wakatoa pole, wakatawanyika. Mdogo hakutoa hata chozi. Majirani walinong'ona, si unawajua watu! Ukweli ni kwamba alikuwa amekufa ganzi. Chai aliinywa ikiwa ya moto au baridi, kwake yote sawa, na simu ikiita aliiangalia tu mpaka ikanyamaza.

Ndipo wakala wao wa matangazo alipotuma ujumbe wa sauti. "Mdogo, pole tena. Ule wasifu wenu wa mapacha naufuta mtandaoni kesho. Kama bado unataka kazi, nitumie wako peke yako leo. Kama hutaki, niambie tu, sitakulaumu."

Kazi nyingine Mdogo hakuijua. Alijua hivyo, ila hata hofu haikumshika. Alijigeuza upande wa pili wa kitanda.

Shangazi yake, fundi cherehani mwenye mdomo usiojua likizo, ndiye aliyemwinua. "Amka! Unangoja godoro lianze kukuita mama?" Akayasoma masharti ya wakala kwenye simu huku akiguna: picha za karibuni, uso bila vipodozi, nywele zimebanwa, nguo nyeusi ya kubana, ukuta mtupu, pasiwepo mtu mwingine pichani, na vipimo vya mwili viandikwe. "Makubwa haya! Yaani mtu asijipambe ndipo aonekane mzuri?"

Akamzungushia futi yake ya kushonea. Kiuno kilikuwa kimepungua sana.

"Andika kile cha zamani," Mdogo alisema.

"Thubutu! Wakuletee nguo ikuvuke mbele za watu?" Shangazi aliandika cha sasa. Kisha akageuka, akajifuta pua, akasingizia vumbi la vitambaa.

Walisogeza kochi, ukuta ukabaki mweupe. Shangazi alipiga picha za mbele, za ubavuni na za mwili mzima. Wakazituma zote.

Wakala alipiga simu palepale. "Mbona husimami katikati?"

"Nimesimama katikati," Mdogo alisema.

"Hebu ziangalie."

Wakaziangalia. Picha ya kwanza, Mdogo yuko kushoto. Ya pili, kushoto. Zote hivyo hivyo. Nusu nzima ya ukuta ilikuwa wazi, na bega la upande ule alikuwa amelirudisha nyuma kidogo, kumpa mtu nafasi.

"Shangazi, mbona hukuniambia nisogee?"

"Sikuona kosa, mwanangu. Nilijua ndivyo mnavyo..." Shangazi hakumaliza, naye si mtu wa kuacha sentensi njiani.

Alikata kipande cha utepe mwekundu, akakibandika sakafuni. "Kanyaga hapo. Usitoke hata nyumba ikiungua." Mdogo akakanyaga. Safari hii picha zilikubaliwa.

Ikabaki video fupi ya kujitambulisha. Zamani hiyo haikuwapa taabu, maneno walikuwa nayo tangu utotoni. Mkubwa alianza: "Mimi ndiye mkubwa." Mdogo akamalizia: "Na mimi ndiye mzuri." Watu walicheka, na kazi wakapata.

"Haya, narekodi," Shangazi alisema. "Sema lolote."

Mdogo aliitazama simu. Akasubiri. Shangazi naye akatulia, asithubutu hata kukohoa. Mdogo alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na sasa ndipo alipogundua.

Akakanyaga utepe vizuri.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema.

Hapo ndipo ilipomuuma. Ilimuuma kifuani, tumboni, kila mahali, uchungu wote aliokuwa hausikii tangu mazishini. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, miguu yake ikiwa bado juu ya utepe. Shangazi alitaka kutupa simu akamshike, lakini Mdogo alimzuia kwa mkono. Alijifuta uso, akataja urefu wake na kazi anazoziweza, akamaliza.

"Itume," alisema.

"Hiyo hiyo? Na makamasi yake?"

"Hiyo hiyo."

Wakala alikawia kidogo kupiga. "Shangazi, nimeiona. Lakini huyu binti analia."

"Si mmeandika wenyewe mnataka mtu wa sasa, asiyepambwa?" Shangazi alijibu. "Huyo ndiye wa sasa."

Wakamsikia wakala akivuta pumzi.

"Basi wasifu wake nauweka," alisema. "Mwambie namngoja kazini."

Shangazi aligeuka kumpa habari. Mdogo alikuwa amesikia. Alikuwa bado amesimama pale pale katikati ya ukuta, analia.